F ya Hisabati njiani kuelekea udaktari: uchambuzi wa kisa kimoja cha ushauri wa masomo

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa kike aliyemaliza kidato cha nne katika shule ya kata ya kutwa, Kanda ya Ziwa, Tanzania. Jina lake, shule, wilaya, chuo na mwaka vimeondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa ushauri na unasihi, walimu wa taaluma, na wazazi wanaokaa na mtoto mwezi Januari wakiwa na matokeo mkononi bila kujua mlango upi ufunguliwe kwanza.

Usuli

Mwanafunzi alikuwa na miaka 18. Baba yake alifariki akiwa darasa la tano. Mama anauza dagaa mnadani. Tangu kidato cha kwanza alisema atakuwa daktari, na hakuna aliyemuuliza daktari wa ngazi gani wala kwa njia ipi.

Shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia na kemia. Mwalimu wa hisabati alihama wanafunzi wakiwa kidato cha pili, na pengo lake likakaa wazi hadi katikati ya kidato cha tatu. Walioumia zaidi ni wale ambao tayari walikuwa wanayumba kwenye sehemu na namba hasi, kwa sababu mada zote za kidato cha tatu na cha nne zimejengwa juu ya hizo. Mwanafunzi huyu alikuwa mmoja wao.

Matokeo yalikuwa hivi: Kiswahili B, Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza na Biolojia C, Kemia D, Fizikia D, Hisabati F. Kwa masomo saba bora hizo ni pointi 21, daraja la pili. Nyumbani walichinja kuku. Daraja la pili kutoka shule ile ni jambo la kujivunia, na furaha yao ilikuwa halali kabisa. Ugumu ni kwamba daraja halimwambii mtu anaweza kwenda wapi. Linalosema hilo ni somo moja moja.

Mfuatano wa matukio

Kabla ya mtihani, kwenye fomu ya kuchagua tahasusi ya kidato cha tano, yaani masomo matatu ya kusomea, alikuwa amejaza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) kuwa chaguo la kwanza na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) la pili. Matokeo yalipotoka mwishoni mwa Januari, mwalimu wa ushauri alimwita yeye na mama yake ndani ya wiki moja. Mwezi Februari alisajiliwa kurisiti (kurudia mtihani wa) Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mwezi Machi alikuja kijijini wakala wa chuo binafsi cha afya. Alimwambia mama kwamba mtoto ana sifa za stashahada ya utabibu, kwamba hisabati si lazima, na kwamba kutoka hapo anaingia chuo kikuu moja kwa moja kusomea udaktari. Akataka shilingi 100,000 za "kushikilia nafasi".

Orodha ya kidato cha tano ilipotangazwa, alikuwa amepangiwa CBG katika shule ya bweni mkoa mwingine. Wakati huohuo dirisha la maombi ya vyuo vya afya kupitia mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, lilikuwa wazi. Familia ikagawanyika. Mama alisema, "Mwalimu, serikali imeshampa nafasi, na ada ya kidato cha tano ilishafutwa. Sisi ni nani tuikatae?" Baba mdogo naye alisema CBG ni sayansi, na sayansi ndiyo inayozaa madaktari.

Mwanafunzi hakuripoti kidato cha tano. Aliomba stashahada ya utabibu, akachaguliwa chuo binafsi kilichosajiliwa, akaanza masomo, na mwezi Novemba akaomba ruhusa kwenda kufanya mtihani wa Hisabati.

Karatasi ya kurudi nyuma

Kazi ya maana kuliko zote ilifanyika kwenye kikao cha kwanza, kwa karatasi moja ya manila. Mwalimu alianza na kazi ambayo mtoto anaitaka, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye cheti cha kidato cha nne. Alitumia miongozo miwili ya udahili, ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada na ya NACTVET kwa vyuo vya kati, yote ikiwa PDF kwenye simu.

Shahada ya udaktari kwa mtu anayetoka kidato cha sita inadai ufaulu wa ngazi ya juu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Maana yake ni kwamba CBG haifiki huko, hata mtoto akipata A tatu, kwa sababu Fizikia haimo. Ukweli huu wazazi wengi hawaujui, na inasikitisha kwamba hata shuleni wapo wanaowaambia watoto "CBG nayo ni sayansi, utajua mbele ya safari". CBG ina njia zake nzuri, kama mazingira, misitu, kilimo na ualimu. Mtoto anayeipenda jiografia na biolojia aende huko kifua mbele. Anayetaka udaktari aambiwe mapema kwamba haumo. Tangu 2024 orodha ya tahasusi imepanuliwa kutoka 16 hadi 65, kwa hiyo kukisia kwa kusikiliza jina la tahasusi kumekuwa hatari zaidi kuliko zamani.

Kwa mtu anayepitia stashahada, udaktari unadai stashahada ya utabibu yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu yake angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Stashahada yenyewe inadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati haimo katika sharti hilo.

Hapo ndipo mtego ulipo. Wakala hakudanganya aliposema hisabati si lazima kuingia stashahada. Alichoacha kusema ni kwamba F ileile isiyomzuia mtu mlango wa kwanza inamngoja mlango wa pili, miaka mitatu baadaye, wakati ameshalipa ada yote na ana GPA nzuri. Wapo matabibu kazini wanaorudi kurisiti Hisabati wakiwa na familia, baada ya zamu za usiku. Inawezekana, lakini mtoto wa miaka 18 aliye nyumbani anasubiri ana nafasi bora zaidi ya kuimaliza.

Kwenye manila zilibaki safu nne: hatua, sifa inayodaiwa, alichonacho, kinachopungua. Safu ya mwisho ilikuwa na neno moja tu, Hisabati.

Maamuzi na sababu zake

*Kujiandikisha kurisiti kabla ya kujua amechaguliwa wapi.* Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na hufungwa miezi kadhaa kabla uchaguzi wa kidato cha tano haujatangazwa. Anayesema "ngoja kwanza tuone serikali imempangia wapi" anakuwa amekwisha kulikosa dirisha, na kusubiri mwaka mzima zaidi. Ada ya kurisiti ni ndogo ukilinganisha na gharama ya mwaka uliopotea, hivyo uamuzi ukawa kulipa, hata kama baadaye usajili usingetumika.

*Somo moja badala ya matatu.* Mwanafunzi alitaka kurisiti Fizikia na Kemia pia ili arudi kwenye PCB. Mwalimu alipinga. D zake mbili zilikuwa zinatosha kwa stashahada na kwa sharti la kidato cha nne la udaktari. Kuzipandisha kuwa C kungemrudisha kwenye foleni ya kidato cha tano mwaka mzima baadaye. Zaidi ya hayo, Fizikia na Kemia zina mtihani wa vitendo, na mtu aliye nyumbani hana maabara.

*Kutomlipa wakala.* Maombi ya vyuo vya afya hupitia mfumo wa NACTVET. Shilingi 100,000 za mkononi hazishikilii kitu. Mwalimu alifanya ukaguzi mmoja: alitafuta chuo kwenye orodha ya NACTVET, akaangalia namba ya usajili inayoanza na REG/HAS, kisha akaangalia kama programu ya utabibu yenyewe imeorodheshwa chini ya chuo hicho. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa famasia au maabara lakini utabibu hakijaruhusiwa. Chuo cha wakala kilikuwa na usajili, kwa hiyo hakikufutwa. Kiliwekwa chaguo la tatu, baada ya vyuo viwili vya serikali.

*Kutoripoti kidato cha tano.* Muda wa kuripoti ulikwisha kabla majibu ya vyuo hayajatoka. Godoro, sare, vifaa na nauli vingekula fedha ambazo familia ilikuwa nazo kwa ajili ya awamu ya kwanza ya chuo. Wakaamua kusubiri.

Kutafuta alama 30

D ya kidato cha nne inaanzia alama 30. Karatasi ya Hisabati ina sehemu A yenye maswali kumi ya alama 6, na sehemu B yenye maswali manne ya alama 10. Yote ni ya lazima, kikokotoo hakiruhusiwi, na njia lazima ionyeshwe. Sharti la kuonyesha njia ni rafiki wa mwanafunzi dhaifu, kwa sababu alama hutolewa hatua kwa hatua.

Kwanza alipewa mitihani miwili iliyopita aifanye peke yake kwa saa tatu tatu. Alipata 11 na 14. Mwalimu hakuangalia jumla. Aliangalia wapi mkono ulikwama. Karibu kila swali aliloliacha njiani liliishia mahali palepale: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kutoa namba hasi, au kugawanya kwa desimali. Mada alikuwa anaikumbuka nusu, lakini hesabu za darasa la sita zilimwangusha.

Kwa hiyo wiki tano za mwanzo hakugusa mada yoyote ya sekondari. Alifanya sehemu, desimali, ishara na jedwali la kuzidisha, maswali 30 kila siku, yakisahihishwa jioni. Watu wengi wanaorisiti huruka hatua hii kwa aibu, na ndiyo maana hurudia F.

Baada ya hapo yalichaguliwa maeneo manane badala ya mada zote: seti, uwiano na faida na hasara, hesabu za biashara hadi kuandaa urari, mfuatano na mfululizo, milinganyo ya kipeo cha pili, takwimu, matriksi za mbili kwa mbili, na lile swali la kuchora mistari, kutia kivuli na kusoma pembe za eneo lililobaki ili kupata faida kubwa. Yaliachwa makusudi umbo la dunia, duara na vekta, si kwa kuwa hayana maana bali kwa kuwa yanadai mchoro na kanuni nyingi kwa alama zilezile.

Mfano wa takwimu unaonyesha kwa nini eneo hilo lilichaguliwa. Swali linatoa alama za wanafunzi 40 zilizopangwa kwenye makundi matano na kutaka wastani. Mtahiniwa anachora jedwali la safu nne: kundi, katikati ya kundi, idadi, na katikati mara idadi. Kwa kundi la 41–50 katikati ni 45.5, wakiwepo wanafunzi 12, safu ya nne ni 546. Akishajumlisha safu ya nne anagawanya kwa 40. Hata akikosea mgawanyo wa mwisho, ameshachuma alama za katikati, za kuzidisha na za kujumlisha. Huyuhuyu mwanafunzi alikuwa akiliacha swali hili tupu kwenye mtihani wake wa kwanza, kwa sababu hakumaliza jibu kichwani.

Machi hadi Mei alisoma peke yake saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, na kusahihishiwa Jumamosi. Kuanzia Juni alisaidiwa na kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha sita PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na alikuwa anasubiri matokeo. Kabla ya kwenda chuo alifanya mitihani mitatu iliyopita ambayo hakuwahi kuiona, akapata 41, 38 na 44. Lengo liliwekwa 40 badala ya 30 ili woga wa chumba cha mtihani uwe na pa kula.

Matokeo

Alipata D ya Hisabati. Mpaka kisa hiki kinaandikwa yuko mwaka wa pili, ngazi ya 5 ya NTA (mfumo wa ngazi za tuzo za vyuo vya kati), na GPA yake iko juu ya 3.0. Akimaliza ngazi ya 6 anaweza kusajiliwa na kufanya kazi kama tabibu, na mlango wa shahada hauna tena kizuizi cha kidato cha nne. Kwa hesabu ya miaka, kidato cha tano na sita, miaka mitano ya udaktari na mwaka wa utarajali vingekuwa minane kama angepata PCB. Kwa njia hii ni tisa, lakini katikati ana taaluma inayomlisha.

Mkopo wa mwaka wa kwanza aliukosa. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele mwaka wa masomo 2023/24, na zimo baadhi ya fani za afya, si zote, kwa hiyo kama utabibu umo lilikuwa la kuangaliwa kwenye mwongozo wa mwaka husika. Lakini hata kabla ya kufika kwenye swali la fani, vyeti havikuwa tayari. Cheti cha kifo cha baba hakikuwahi kuchukuliwa, kwa sababu alifia nyumbani na kuzikwa kijijini. Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo, ila jina la tatu lilikuwa la ukoo, wakati shuleni aliandikishwa kwa jina la babu. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, haiwezi kuhakiki kifo ambacho hakijasajiliwa, na mfumo wa mikopo haupokei cheti ambacho hakijahakikiwa. Barua ya mtendaji, usajili wa kifo uliochelewa ofisi ya wilaya, na hati ya kiapo kwa wakili kuhusu majina vilimalizika wiki chache baada ya dirisha kufungwa. Mwaka huo ada ililipwa kwa awamu nne, na ng'ombe wawili wakauzwa.

Uchambuzi: kilichofaulu

Kikao cha wiki ya kwanza kiliokoa kila kitu kilichofuata. Kingefanyika mwezi Mei kingekuwa na maneno yaleyale na thamani ndogo sana, kwa kuwa dirisha la kurisiti lingekuwa limefungwa. Mwalimu mshauri anayepanga kazi yake kwa kufuata mihula ya shule hukosa, maana madirisha yote ya mhitimu wa kidato cha nne yanafunguka wakati yeye si mwanafunzi wa shule tena. Hapo ndipo watoto wengi hupotea.

Kumshirikisha mama mbele ya manila kulipunguza ugomvi wa Juni. Aliiona CBG ikiishia kabla ya safu ya udaktari kwa macho yake, na baba mdogo alipobisha, mama ndiye aliyemweleza.

Kuchagua somo moja kulimpa mtoto ushindi unaowezekana. Wanaojisajili masomo matano kwa hasira ya matokeo mara nyingi hawafiki hata chumba cha mtihani.

Uchambuzi: kilichokwama

Kutoripoti kidato cha tano bila barua yoyote ya chuo mkononi ulikuwa uamuzi wa hatari mno, na haufai kuigwa kwa kuwa tu ulimalizika salama. Vyuo viwili vya serikali vilimkosa. Kama chaguo la tatu nalo lingeshindikana, angebaki nyumbani mwaka mzima bila nafasi ya shule. Ilipaswa angalau kuwasiliana na mkuu wa shule aliyopangiwa na kuuliza kwa maandishi kama kuchelewa kuripoti kunavumilika, kwa siku ngapi.

Maombi ya chuo yalijazwa steshenari, na kijana wa steshenari aliweka namba yake ya simu ili kuharakisha. Ujumbe wa kuchaguliwa ukaenda kwake, na familia ikajua siku tisa baadaye kwa bahati. Namba ya simu na barua pepe kwenye mfumo wowote wa udahili ziwe za mwombaji mwenyewe au mzazi, na neno la siri liandikwe kwenye daftari nyumbani kabla ya kuondoka pale.

Kituo cha mtihani kilichaguliwa karibu na nyumbani mwezi Februari, chuo kikawa mbali. Nauli ya kwenda na kurudi na ruhusa ya siku tatu katikati ya muhula wa kwanza vilimgharimu jaribio moja la chuo, ambalo alilirudia baadaye. Hili halikuwa rahisi kulikwepa, ila mkuu wa chuo angeambiwa siku ya kuripoti badala ya wiki ya mtihani, jaribio lingeweza kupangwa upya mapema.

La vyeti ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote, na ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote kuzuia. Muda wa kutosha ulikuwepo kuanzia Februari hadi katikati ya mwaka, lakini hakuna aliyefungua bahasha ya vyeti hadi fomu ya mkopo ilipoviomba. Baada ya kisa hiki shule ilihamishia ukaguzi huo kidato cha pili, kabla ya usajili wa upimaji wa kitaifa. Kila mwanafunzi analeta nakala ya cheti cha kuzaliwa, majina matatu yanalinganishwa herufi kwa herufi na yaliyoko kwenye orodha ya shule, na aliyefiwa na mzazi anaulizwa cheti cha kifo kiko wapi. Asiye nacho anaondoka siku hiyo na karatasi yenye hatua za kukipata na jina la ofisi ya kuanzia, na mwalimu wa darasa anaandika tarehe ya kumfuatilia.